Barua ya wazi kwa wazee wa kanisa: sisi ndio tuanze kuwaendea vijana

Wapendwa wazee wenzangu, akina baba na akina mama mnaolitumikia kanisa la Mungu,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia juu ya jambo ambalo vikao vyetu huligusa kila mwaka na kuliacha palepale. Tunauliza vijana wamekwenda wapi, kisha tunajibu wenyewe: simu, muziki, masomo, dunia. Swali ambalo haliingii kwenye ajenda ni hili: kijana alipoacha kuja, ni mzee gani aliyegundua kwamba hayupo, akamtafuta kwa jina lake wiki ileile? Kama hakuna, basi kijana yule hakuondoka kwenye familia. Aliondoka kwenye jengo alimokuwa akikaa na watu wasiomjua, na kuondoka mahali kama hapo hakumgharimu mtu chochote.

Ombi langu ni moja. Uhusiano kati ya vizazi uanzishwe na sisi wazee, na tuuanzishe kwa mpango. Kijana hawezi kuuanzisha. Hashiki funguo, hapangi ratiba, wala hajui kama akimkaribia mzee atapokelewa au ataulizwa habari za mavazi yake. Mwandishi wa Zaburi ya 71, katika aya ya 18, anamwomba Mungu asimwache hata atakapokuwa mzee mwenye mvi, mpaka awe amekitangazia kizazi kijacho nguvu za Mungu. Mwenye mvi ndiye aliyejitwika kazi hiyo.

Tusidhani kwamba kutengana kwa rika ndani ya kanisa kumetoka kwa mitume. Shule ya Jumapili tunayoifahamu ilipata nguvu kuanzia mwaka 1780 mjini Gloucester, Uingereza, pale Robert Raikes alipowakusanya watoto maskini waliofanya kazi siku sita na kubaki na Jumapili peke yake ya kujifunza kusoma. Chama cha vijana Wakristo, YMCA, kilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams na wenzake kwa ajili ya vijana wafanyakazi wa maduka, waliokuwa mbali na nyumbani. Hizo zilikuwa kazi njema, nazo zilijibu shida halisi. Taratibu, hata hivyo, makanisa mengi yakazoea kwamba kila rika lina chumba chake, kiongozi wake, bajeti yake na hatimaye ibada yake. Linganisheni na barua za Paulo. Katika Waefeso 6 na Wakolosai 3 anawasemesha watoto wenyewe, "Enyi watoto," kisha anawageukia baba zao. Alitarajia kwamba barua itakaposomwa, watoto watakuwa wamekaa pale pale, wakisikia pia yale ambayo baba zao wanaambiwa.

Kabla ya kupanga lolote, pimeni hali yenu. Haihitaji fedha, inahitaji karatasi na ukweli. Mpe kila kijana wa miaka 15 hadi 25 karatasi yenye jina lake, aandike majina ya watu wazima wa kanisani, mbali na wazazi, ndugu zake na mchungaji, ambao wanamjua kwa jina na wanajua anachopitia mwezi huu. Kisha mpe kila mzee karatasi, aandike majina ya vijana watano wasio wa ukoo wake, na mbele ya kila jina aandike jambo moja ambalo kijana huyo analihangaikia sasa. Msitangaze zoezi hili mapema, kwa maana watu wataanza kuulizana majina mlangoni. Mkishakusanya, chukueni ratiba ya juma zima mhesabu saa ambazo mtu wa miaka 70 na mtu wa miaka 17 wanafanya kitu kimoja pamoja. Kukaa kwenye ibada moja bila kusemezana msikuhesabu. Makanisa mengi yatakuta kwamba saa hizo hazifiki hata moja. Wekeni karatasi hizo mahali salama, mtazihitaji tena.

Sasa niseme jinsi mzee anavyotakiwa kuwa mbele ya kijana, maana hapa ndipo mipango mingi hufia. Someni tena 1 Samweli 3, mkimtazama Eli, kuhani mzee aliyemlea kijana Samweli. Tumezoea kumsoma kama mzee aliyeshindwa na wanawe, na kweli alishindwa. Lakini katika sura hii anafanya mambo manne ambayo kila mmoja wetu anahitaji kuyajua. Anakubali kuamshwa usiku na kijana ambaye kwa macho ya kawaida anamsumbua bure. Anachelewa kuelewa, mara ya kwanza na ya pili, lakini mara ya tatu anatambua kwamba anayemwita kijana ni Bwana. Akishatambua, haendi kusikiliza kwa niaba ya Samweli. Anamfundisha maneno machache ya kujibu, halafu anamrudisha akalale mahali pake, peke yake, amsikilize Mungu. Na kulipokucha anadai aambiwe yote bila kufichwa neno, na ujumbe unapokuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, haupingi wala hamkemei aliyeuleta.

Hilo la nne ndilo gumu kuliko yote. Tunapenda vijana wazungumze mradi wasituguse. Kijana akisema mahesabu ya kanisa hayaeleweki, au kwamba mahubiri hayagusi anayokutana nayo kazini, hamaki hupanda na tunamkumbusha umri wake. Kijana aliyekemewa mara moja kwa kusema ukweli hatatoka siku hiyo. Atakaa mwaka mwingine, akitabasamu na kuitikia "ndiyo mzee," lakini moyoni ameshaondoka. Kwa hiyo jiwekeeni kanuni: malalamiko ya kijana yaandikwe, yarudiwe mbele yake kwa maneno yake mpaka akiri kwamba ameeleweka, na apewe jibu katika siku 14, hata kama jibu ni hapana pamoja na sababu zake. Hapana yenye sababu inaheshimu kuliko ahadi ya "tutalifanyia kazi."

Njia ninayoipendekeza ya kuanza ni vikundi vidogo vya rika mchanganyiko. Jozi za mzee mmoja na kijana mmoja husifiwa sana, lakini kama mwanzo zina udhaifu. Wakishindwana tabia, uhusiano wote umekwisha. Mmoja akiugua, mwingine anabaki peke yake. Na kukaa faraghani kwa watu wawili wasiofahamiana kuna hatari ambazo nitazitaja hapa chini. Kikundi cha watu saba kinatosha: wazee wawili, watu wawili wa umri wa kati, vijana watatu. Vijana wawe wengi kidogo, kwa sababu kijana mmoja kati ya wazee hunyamaza, wawili huangaliana, watatu ndipo huanza kusema. Changanyeni wajane, waseja na wasio na watoto pamoja na wenye familia. Msimweke mzazi na mwanawe katika kikundi kimoja, maana mwana hatazungumzia mambo ya nyumbani mbele ya baba yake, na baba hatakiri hofu zake mbele ya mwanawe.

Wakutane mara mbili kwa mwezi, dakika 75, kwa miezi sita. Tarehe ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza, kwa sababu watu wengi hukataa kujiunga si kwa kuchukia uhusiano, bali kwa kuogopa mzigo usio na ukomo. Dakika 15 za kwanza kila mtu aseme habari zake, mdogo akianza. Dakika 20 somo fupi la Maandiko, aya zisizozidi 15, lisomwe mara mbili na watu wawili wa rika tofauti. Dakika 25 mazungumzo. Dakika 15 za mwisho maombi, na hapa kila mtu amwombee mwenzake kwa jina na kwa jambo alilolitaja mwanzoni. Maombi ya jumla ya "wabariki vijana wetu" yaachwe kabisa katika vikundi hivi. Miezi sita ikiisha, anayetaka kuendelea aendelee, anayetaka kubadili kikundi abadili, na anayetaka kupumzika asiulizwe sana.

Vikundi hivi huharibika kwa njia zinazojulikana, nami nazitaja ili mziwahi. Ya kwanza ni mzee kugeuza mazungumzo kuwa mahubiri. Dawa yake ni kwamba mzee asitoe ushauri kabla hajauliza maswali mawili na kusikia majibu yake, na asizungumze zaidi ya dakika nne mfululizo. Awepo mtu wa umri wa kati mwenye saa. Ya pili ni kulinganisha nyakati. Sentensi inayoanza na "enzi zetu" hufunga masikio, kwa sababu kijana husikia kwamba shida yake ni ya kujitakia. Mzee aeleze tu alichokiogopa alipokuwa na umri ule na jinsi Mungu alivyomshika, bila kukifanya kipimo. Ya tatu ni siri kuvuja. Neno alilolisema kijana kikundini likimfikia mama yake kabla hajafika nyumbani, kikundi kimekufa siku hiyo. Kwa hiyo siku ya kwanza mkubaliane kwa maneno wazi: yanayosemwa hapa hayatoki, isipokuwa pale mtu anapodhurika au yuko karibu kudhurika. Ya nne huja polepole: wazee wanaokubali kujiunga ni walewale watatu wenye kamati sita kila mmoja. Mzee huyo aachie kamati mbili kwanza. Uhusiano unataka mtu ambaye hatazami saa, na mtu wa kamati sita huitazama saa muda wote.

Maongezi peke yake hayatoshi. Watu hujuana zaidi wakiwa na kazi mikononi, hasa wanaume na vijana wa kiume, ambao wengi wao hawafungui mioyo wakiwa wameketi wakitazamana. Kuhesabu sadaka, kupanga viti, kutembelea wagonjwa, kuandaa meza ya Bwana, kurekebisha mitambo ya sauti, kufundisha watoto: kila kazi ya kanisa iwe na watu wa vizazi viwili kwenye zamu. Hilo linaweza kuamuliwa katika kikao kimoja na kuanza mwezi unaofuata.

Katika kazi hizo ndimo mnamopaswa kukabidhi. Kukabidhi kuna hatua nne, na kila hatua ina muda wake. Katika hatua ya kwanza kijana anatazama huku mzee akifanya na kueleza sababu ya kila kitu, mara mbili au tatu. Katika ya pili wanafanya pamoja, na kijana anabeba sehemu ndogo inayoeleweka, mwezi mmoja au miwili. Katika ya tatu kijana anafanya yote, mzee akiwa karibu amenyamaza, na baada ya kazi wanakaa dakika kumi kupitia kilichokwenda vizuri na kilichokwama. Katika ya nne mzee hayupo kabisa siku ile, na kijana ana ufunguo, ana orodha ya vifaa na ana mamlaka ya kuamua. Wazee wengi hukwama kwenye ya tatu kwa miaka. Wanamwita kijana "msaidizi" mpaka anaoa, anahama, na nafasi inabaki kwa mzee aliyekwisha kuchoka. Kosa lingine ni kumnyang'anya kazi anapokosea mara ya kwanza. Amueni kabla ya kukabidhi ni makosa gani yanavumilika, kama wimbo kuanza kwa sauti isiyofaa, na ni yapi hayavumiliki, kama fedha kuhesabiwa na mtu mmoja. La kwanza lirekebishwe faraghani. La pili lizuiwe kwa utaratibu, kwa kila mtu na kwa kila umri.

Torati ina mpango mzuri sana wa jambo hili. Katika Hesabu 8:24-26 Mlawi, mtumishi wa hema ya Mungu, anaingia kazini akiwa na miaka 25, na akifikisha 50 anaacha kazi ya mzigo, lakini anabaki hemani akiwasaidia ndugu zake kwa ulinzi. Hafukuzwi wala hang'ang'anii. Mzee aliyekabidhi apewe kazi yenye jina, kwa mfano kuwaombea walio kwenye zamu, kuwafundisha wapya, au kutunza kumbukumbu. Wengi wetu hatuachii nafasi kwa sababu tunaona kwamba baada yake hakuna kitu. Kanisa lililoandaa kazi ya mlinzi litapata wazee wanaoachia kwa amani. Na makabidhiano yafanyike hadharani. Musa aliagizwa kumsimamisha Yoshua mbele ya kuhani na mbele ya mkutano wote, akamwekea mikono na kumpa sehemu ya heshima yake (Hesabu 27:18-20). Kijana aliyekabidhiwa kimyakimya ofisini atapingwa na kila mtu kwa mwaka mzima, kwa kuwa watu hawakuona nani alimpa.

Kuhusu ibada nitasema kidogo, maana ugomvi wa nyimbo umeshapewa muda mwingi kuliko unavyostahili. Iwepo walau ibada moja kwa mwezi ambayo hakuna kundi linalotolewa nje. Mahubiri yasizidi dakika 25, yawe na mfano mmoja ambao mtoto wa miaka minane anaweza kuusimulia akifika nyumbani. Somo lisomwe na mtoto au kijana aliyelifanyia mazoezi siku iliyotangulia pamoja na mzee, kwa sauti, mahali palepale atakaposimama, kwenye kipaza sauti kilekile. Wimbo wa zamani utanguliwe na mzee anayeeleza kwa dakika moja ulimbeba katika jambo gani, na wimbo mpya utanguliwe na kijana anayefanya vivyo hivyo. Msingi wa Hekalu la pili ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kuzipambanua sauti hizo mbili (Ezra 3:12-13). Mwandishi hakuona haja ya kuunyamazisha upande wowote.

Sasa ulinzi. Nawasihi msilipuuze jambo hili kwa sababu mnafahamiana. Wanaotaka kuwadhuru watoto hupenda mahali ambapo kila mtu huaminiwa bila kuulizwa. Mtu mgeni asipewe kazi ya watoto kabla hajakaa kanisani angalau miezi sita na kabla kanisa alikotoka halijaulizwa. Mtu mzima asikae na mtoto mahali pa siri: wawepo watu wazima wawili wasio wa familia moja, au mlango uwe wazi na watu wapite. Ujumbe wa simu kati ya mtu mzima na mtoto chini ya miaka 18 upite kwenye kundi ambalo mzazi au mlezi mwingine anauona. Zawadi, fedha na safari za siri zikatazwe kwa maandishi. Mtoto akieleza kwamba ameumizwa, anayesikiliza asiahidi kutunza siri, asimhoji kwa maswali mengi, aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, amwambie aliyeteuliwa na kanisa, na vyombo vya sheria vipewe taarifa siku hiyohiyo. Kikao cha wazee hakina mamlaka ya kulimaliza jambo hilo ndani. Na ulinzi huu uwafikie wazee pia. Wapo wanaoombwa fedha kila wanapotembelewa, na wapo waliotoa namba za siri za simu na benki kwa vijana waliokuja kuwasaidia. Anayemsaidia mzee katika mambo ya fedha awe na shahidi, na mzee ajue kwamba anaweza kukataa bila kupoteza mgeni wake.

Kuna kundi tunalolisahau kila tunapozungumza habari za wazee na vijana, nalo ni watu wa miaka 35 hadi 55. Hao wanalea watoto, wanatunza wazazi, wanalipa karibu kila mchango, na wanachoka. Msiwatwike uongozi wa mpango huu juu ya mizigo yao. Wapeni sehemu ndogo ya kushika saa, kutafsiri lugha ya mzee kwa kijana na ya kijana kwa mzee, na kupokea. Mama wa miaka 40 mwenye mtoto mchanga anamhitaji mama wa miaka 65 kuliko anavyohitaji semina. Tito 2:3-5 ilimkabidhi mwanamke mzee kazi hiyohiyo ya kumfundisha kijana wa kike maisha ya nyumbani.

Ninyi vijana mtakaoisoma barua hii, nina maneno machache kwenu, wanangu. Mkimtembelea mzee, mwarifuni siku na saa, mkae dakika 40 zisizo na simu, na msiende siku za shida zenu peke yake. Uzee hupunguza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, ndiyo maana herufi kama s, f na t humpotea mzee hata anaposikia sauti yenu. Kupiga kelele hakumsaidii. Kaeni mbele yake penye mwanga ili aone midomo, semeni polepole kwa sauti nzito, na zimeni redio. Maswali ya "shikamoo, hujambo, habari za afya" yakiisha, ulizeni yanayofungua: ni ombi gani Mungu hakulijibu ulivyotaka? Ulibadili mawazo juu ya jambo gani baada ya miaka 50? Ungependa nani akusamehe? Msisahihishe tarehe zake anapokosea. Akirudia habari aliyokwisha kuisimulia, muulizeni sehemu ambayo hakuigusa mara ya kwanza.

Na msikubali kulaumiwa kwa kisa cha Rehoboamu, mfalme aliyekataa ushauri wa wazee akafuata wa wenzake, kila mnapotoa wazo. Kisa hicho, 1 Wafalme 12, hutumiwa kuonyesha kwamba ushauri wa vijana ni upumbavu. Rehoboamu alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala, imeandikwa katika sura ya 14 aya ya 21, na wenzake waliokua pamoja naye hawakuwa watoto. Wazee walimshauri awe mtumishi wa watu wake na kuwajibu kwa maneno mema. Kosa lake lilikuwa kuikataa njia ya utumishi na kuwachagua washauri waliofanana naye. Mzee anayezungukwa na wazee wenzake peke yake yuko katika hatari ileile.

Wazee wenzangu, nirudi kwenu kwa onyo moja ambalo mimi huliona zito. Yoashi aliwekwa kuwa mfalme akiwa na miaka saba, akalelewa na kuhani Yehoyada. 2 Mambo ya Nyakati 24 inasema alifanya yaliyo mema siku zote za Yehoyada. Kuhani akafa akiwa na miaka 130, wakuu wa Yuda wakaja wakamsujudia mfalme, akawasikiliza, na mwisho akaamuru Zekaria mwana wa Yehoyada apigwe mawe katika ua wa nyumba ya Bwana. Mlezi alikuwa mwema, malezi yalidumu miaka mingi, na bado imani ya mtoto ilisimama juu ya miguu ya mtu mmoja. Kwa hiyo msimruhusu kijana yeyote awe wa mzee mmoja. Mkimlea vizuri, mtambulisheni kwa wengine. Nalipenda pendekezo la kila kijana kujulikana kwa karibu na watu wazima watano wasio wazazi wake: mmoja wa kumwombea, mmoja wa kumfundisha kazi, mmoja wa kumkosoa, mmoja wa kumsikiliza, na mmoja wa rika la juu kidogo yake, miaka mitano au saba, anayekumbuka bado mtihani na mapenzi ya kwanza. Makanisa yenye wasimamizi wa ubatizo na wa kipaimara tayari yana mlango huo. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16 na asiwe baba wala mama wa anayebatizwa, yaani tangu mwanzo mtoto apewe mtu mwingine wa kumshika mkono. Tatizo ni kwamba msimamizi huonekana siku ya picha, kisha basi. Paroko na mchungaji waitishe orodha ya wasimamizi mara moja kwa mwaka na kumwuliza kila mmoja lini mara ya mwisho alizungumza na mtoto wake wa ubatizo.

Kwa Wakatoliki ipo pia Siku ya Mababu na Wazee, iliyoanzishwa na Papa Fransisko mwaka 2021 na kuadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Makanisa mengine yanaweza kuchagua Jumapili yake. Siku ya namna hiyo ifae kuanzisha vikundi au kukabidhi kazi. Ikiishia kwenye hotuba na keki, wazee watarudi nyumbani wakiwa wapweke kama walivyokuja.

Mwisho, pangeni nani atafanya nini. Wiki hii kila mmoja wetu achague vijana watatu, ajifunze majina yao yote mawili, na aulize swali moja ambalo halihusu masomo wala ndoa. Mwezi huu karatasi zijazwe na ratiba ihesabiwe. Mwezi ujao vikundi viwili vianze, viwili tu, ili makosa yaonekane yangali madogo. Miezi sita ikitimia, gaweni tena karatasi zilezile kwa vijana walewale, mlinganishe majina. Kijana atakayeandika tena karatasi tupu atafutwe na mzee mmoja kabla ya Jumapili inayofuata.

Ni mimi mzee mwenzenu katika Kristo.